Picha Iliyokataliwa na Ukoo

Nimefundisha watu kupiga video kwa muda mrefu kiasi kwamba nikiingia kanisani kitu cha kwanza ninachotazama ni dirisha, nijue mwanga unatoka upande gani. Siku tatu kwa wiki niko katika chuo kimoja mjini Embu. Siku zinazobaki niko Runyenjes, katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea, nikihariri harusi za watu. Wanafunzi wangu wote wanalijua somo la kwanza kwa sababu nalirudia mpaka wananuna. Kamera haionyeshi kitu, kamera inasema kitu. Ukimpiga mtu kutoka juu, umemdogosha. Ukimpiga kutoka chini, umempa cheo. Ukisogea karibu na uso wake, unamwambia mtazamaji: mwamini huyu. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa uhakika wote wa mtu ambaye hajawahi kusimamishwa mbele ya ukoo wake.

Ukoo wetu uko Mbeere, nje kidogo ya Ishiara, kule chini ambako ukishuka kutoka Runyenjes unavua sweta kabla hujafika. Usidhani ukoo ni wazee watatu na ugoro. Una mwenyekiti, una katibu, una mweka hazina, una muhuri na kitabu cha mahudhurio. Katibu ni mwalimu mstaafu ambaye bado anasahihisha watu wakiongea. Shamba la ukoo haligawanywi mpaka ukoo uandike barua, na barua haiandikwi mpaka mkutano uridhike. Sheria ya nchi ina maneno yake, lakini sheria iko mbali na ukoo uko mlangoni.

Nyanya yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa akiitaka barua hiyo. Alitaka kipande cha chini karibu na mto, chenye miembe na nafasi ya kupanda ndengu, kiandikwe jina la shangazi yangu. Shangazi ni kitinda mimba wake. Aliolewa mbali, Kiirua, kwenye baridi na viazi, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na sanduku moja. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempikia nyanya uji, aliyemwogesha na aliyemgeuza kitandani. Baba yangu alishafariki. Mwana wa kiume aliyebaki ni baba mdogo, mwenye duka la mabati na misumari pale Ishiara, naye alikuwa na wimbo mmoja tu: msichana akishaolewa, shamba lake liko alikoolewa. Nyanya akifa bila barua, shangazi angebaki na sanduku lake, na hakuna mtu katika familia ambaye hakulijua hilo.

Sasa, nyanya alikuwa amevunjika nyonga. Hangeweza kufika kwenye ukumbi wa kanisa ambako ukoo hukutana. Nikampigia mwenyekiti simu nikamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba kutoka ukumbini hadi kwa nyanya ni mwendo wa pikipiki usiotosha hata kumaliza chapati, kwa hivyo wazee wanne wapande waje wamsikilize. Mwenyekiti akasema haiwezekani.

"Tukienda kwenu tutachinjiwa mbuzi," akasema. "Na mtu akishakula mbuzi ya mtu, atahukumu namna gani?"

"Basi tusichinje."

"Tuje kwa mama mzee kama huyo na mkose kutuchinjia? Hiyo nayo ni matusi."

Nilitoa simu sikioni nikaitazama. Nikasema basi nitamrekodi nyanya, niwaletee video. Mwenyekiti akaenda kushauriana na katibu, akanirudia baada ya siku mbili na jibu ambalo naamini katibu alilitunga akiwa amesimama: ukoo umekubali, kwa kuwa video haili nyama.

Nilishuka siku ya Jumanne na kamera yangu nzuri, stendi, taa ndogo na maiki. Nilipofika nilikuta nyanya ameshajipanga mwenyewe. Alikuwa ameketishwa nje, mbele ya mlango, amevaa sare ya akina mama wa kanisa na viatu vyeusi ambavyo nadhani vilikuwa vimewekwa vya kuzikiwa. Kwenye benchi kando yake waliketi majirani wanne, wanawake watu wazima, wamejifunga leso safi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Nyanya aliniambia niisogeze kamera mbali, mpaka karibu na boma la mbuzi, ili viatu vionekane.

Nami, mwalimu wa watu, nikakataa. Jua lilikuwa kali, nyuso zote zilikuwa na vivuli vyeusi chini ya macho. Upepo ulikuwa unapiga. Wale majirani, kila nyanya akisema neno, walikuwa wanaitikia "mm" kwa pamoja kama watu wanaonja mchuzi, na sauti hiyo ingeharibu kila kitu. Nikawashukuru, nikawaomba waende nyumbani. Mmoja aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mama, mimi hii ndiyo kazi yangu. Waliondoka polepole wakitazamana, nami nikafurahi kwamba sasa kuna utulivu.

Tulimrudisha nyanya ndani, tukamketisha ukingoni mwa kitanda kando ya dirisha. Hapo mwanga uliingia kwa upole ukalala kwenye shavu moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama: niliishusha kamera chini kidogo ya macho yake ili aonekane mwenye nguvu, mwenye mali yake, si mgonjwa wa kuhurumiwa. Nikasogea mpaka uso ukajaa fremu. Ukuta wa nyuma ukafifia ukawa rangi tu. Nilimweka shangazi kwenye kigoda kando ya kamera ili nyanya aongee akimwangalia mtu, maana mzee akiambiwa aongee na kioo cha kamera anakauka. Mkono wa nyanya ulikuwa unatetemeka, shangazi akaushika. Niliinua fremu kidogo mkono wa shangazi usiingie.

Nyanya aliongea karibu saa nzima. Alieleza jinsi alivyolifyeka shamba lile akiwa na baba yangu mgongoni, akaeleza mizinga ya nyuki ya babu mmoja baada ya mwingine, akakohoa, akaomba uji, akarudi kwenye mizinga, kisha akasema wazi kwamba kipande cha mtoni ni cha binti yake. Ilikuwa dhahabu. Nilirudi Runyenjes nikaikata ikawa dakika nne. Nilitoa kikohozi, nikatoa uji, nikatoa nyuki wote. Pale nilipounganisha maneno mawili yaliyokuwa mbali, nilifunika kiungo kwa picha niliyokuwa nimeipiga kando, ya mikono yake iliyozeeka, yenye mishipa, imelala kwenye magoti. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa, kwa hivyo nilihifadhi vile vipande nilivyovihitaji tu, nikaifuta kadi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Niliitazama kazi yangu mara tatu na mara zote tatu nikalia. Nasema hivi ili ieleweke nilivyokuwa najiamini siku nilipoipeleka.

Ukumbini walikuwa watu kama arobaini. TV iliazimwa kutoka hoteli ya jirani, ikawekwa juu ya meza ya mchungaji. Baba mdogo aliketi mstari wa pili na jaketi lake la Jumapili. Shangazi aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, na mfuko mapajani. Nilibonyeza, uso wa nyanya ukajaa kioo, ukumbi ukanyamaza. Nikajisemea, hapo sasa.

Ilipoisha hakuna aliyepumua kwa hisia. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile, aliinua fimbo yake.

"Anaangalia nani?"

Nikasema anamwangalia shangazi yangu, aliyekuwa ameketi kando.

"Mbona hatumwoni?"

Nikaeleza kwamba hivyo ndivyo mahojiano hupigwa, kwamba aliyeketi kando haonyeshwi. Mzee akawageukia wenzake. "Kuna mtu amefichwa," akawaambia, "na mama anamwangalia yeye kila akitaka kusema."

Mwingine akauliza kuhusu mikono. Katibu alikuwa ameandika swali hilo kwenye karatasi akalisoma kwa niaba yake. "Kwa nini tunaonyeshwa mikono wakati ni mdomo unaongea? Wakati tunaangalia mikono, mdomo ulikuwa wapi? Nani anajua hiyo sauti ni ya huo mdomo?"

Mwanamke mmoja, binamu wa baba, akasema kwamba anamjua mama yule tangu utotoni na hajawahi kuwa mrefu hivyo. Ameinuliwa? Ameketi juu ya nini? Mbona hatuoni kiti, hatuoni nyumba, hatuoni miguu? Mtu aliyeshikwa na watu wabaya ndiye anayepigwa picha ya uso peke yake. Vichwa vilitikiswa mstari baada ya mstari.

Halafu mwenyekiti, ambaye alikuwa mpole wakati wote, akauliza lile la mwisho. "Na nyuma ya kamera ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ni wa nani?"

"Mnanijua. Mimi ni mtoto wa marehemu, kaka ya shangazi."

"Kwa hivyo na wewe ni wa hiyo nyumba."

Hapo nilipoteza adabu. Niliwaambia kwamba nimesomea kazi hii, kwamba nimeisomesha, kwamba picha ya karibu ni heshima kubwa kuliko zote, kwamba pembe ya chini nilimpa kwa makusudi awe na hadhi, kwamba mwenye macho haambiwi tazama lakini wao wana macho na bado wanataka waonyeshwe kiti. Nilisema maneno mengi na sauti yangu ilipanda. Katibu aliandika. Baadaye niliziona kumbukumbu za mkutano ule, na sehemu yangu yote ilikuwa sentensi moja: Mpiga picha alikasirika.

Ndipo baba mdogo akasimama, taratibu, akasema kwamba yeye si msomi wa kamera, lakini mke wake aliwahi kumrekodi mama kwa simu, siku ya kawaida tu, bila taa. Wakaiunganisha ile simu na TV. Nilipoona zile sekunde za kwanza nilitaka kucheka. Picha imesimama wima, pande zote mbili nyeusi. Imepigwa kutoka mlangoni na mtu aliyesimama, kwa hivyo nyanya yuko chini, mdogo, amezama kitandani. Inatikisika. Unaona kalenda, beseni, birika, miguu ya nyanya nje ya blanketi, na shangazi pembeni ameinama anakunja nguo. Nyanya anasema, kwa sauti ya kuchoka, "Muulize kaka yako. Mambo ya shamba yeye ndiye anajua." Inaisha hapo.

Ukumbi ulipumua. Yule mzee wa kofia akagonga fimbo chini. "Hii sasa naona. Kila kitu kiko ndani."

Kila kitu hakikuwa ndani. Shangazi, ambaye alikuwa chumbani siku hiyo, alisimama akasema swali lilikuwa ni dawa gani ya kunyunyizia miembe, yeye ndiye aliyeuliza, na simu ilianza kurekodi baada ya swali. Akaulizwa kama ana ushahidi. Hakuwa nao. Video isiyokatwa nayo huwa ina mahali ilipoanzia, na aliyebonyeza ndiye aliyepachagua. Ningeweza kuwaeleza hilo kwa saa mbili. Ningeweza kuwaeleza pia kwamba pembe ile ya juu ilikuwa imemgeuza mama yao kuwa mtoto wa kuamuliwa mambo, na kwamba walimwona hivyo bila kujua wanamwona hivyo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimewafukuza mashahidi wanne waliovaa leso safi, nikamtoa shangazi kwenye fremu kwa mkono wangu mwenyewe. Yangu ilikuwa ya kweli na ilinuka uongo. Yao ilikuwa ya uongo na ilinuka uji na sabuni. Niliketi.

Mwenyekiti aliuliza kama nina ile video yote, kabla ya kukatwa. Nikasema ninayo. Nilirudi Runyenjes siku hiyo hiyo nikafungua kompyuta, na ndipo nikakumbuka harusi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye ile kadi kulikuwa na maharusi wakikata keki, na nilimchukia yule bwana harusi kwa dhati ingawa hakuwa amenikosea chochote.

Ukoo ulitupa wiki tatu. Barua ya katibu ilikuwa na masharti na muhuri: mama aonekane mzima, waonekane mashahidi, aonekane anayepewa na aonekane asiyepewa, kwa kuwa mali hugawanywa mbele ya wote wawili na kila mmoja huulizwa kama amesikia. Isikatwe. Mwisho kabisa, kwa kalamu ya mkono: na mwenye kamera aonekane.

Sharti hilo la mwisho lilinichoma kuliko yote. Nilimwambia shangazi kwenye simu kwamba haiwezekani, hakuna video isiyokuwa na mtu nyuma ya kamera, ni upumbavu. Shangazi si mtu wa maneno mengi. Miaka yote ya kumlea nyanya sikuwahi kumsikia akilalamika, na siku ya mkutano alitoka ukumbini bila kunisemesha. Sasa alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Weka hiyo kitu hapo kwa boma la mbuzi," akasema, "halafu ukuje ukae na watu."

Nikafanya hivyo. Niliiweka kamera kwenye stendi kando ya boma, pale pale nyanya alipotaka mara ya kwanza, nikaielekeza kwenye nyumba. Ilikuwa fremu mbaya. Mstari wa nguo ulikatiza vichwa vya watu. Bati lilimeta. Nyuso zilikuwa ndogo na zina vivuli, huwezi kujua nani anatabasamu. Nilimbana nyanya maiki ndogo isiyo na waya kwenye kola ya sare yake, maana kwa umbali ule tungesikia mbuzi tu. Majirani wanne walirudi. Yule aliyeniuliza kama nina hakika hakuniuliza kitu safari hii, na ningependelea angeniuliza. Baba mdogo alikuja kwa sababu mwenyekiti alimwagiza. Alichagua kuketi mwisho wa benchi, nusu yake nje ya picha, nami nikarudi nikaisogeza kamera kidogo kulia mpaka akaingia mzima. Hiyo ndiyo pembe pekee niliyoichagua siku ile. Kisha nikabonyeza, nikavuka uwanja mbele ya kamera yangu mwenyewe huku nimejaa aibu ya mtu anayevua nguo, nikaketi upande wa pili wa benchi.

Nyanya aliongea. Nyuki walirudi wote, mzinga kwa mzinga. Majirani waliitikia "mm". Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Mwishowe akafika mtoni, akasema kipande kile ni cha binti yake, akamgeukia shangazi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akamgeukia baba mdogo. "Na wewe umesikia?"

Mbuzi mmoja alipita mbele yetu. Baba mdogo alikuwa anatazama ardhi kati ya viatu vyake.

"Nimesikia," akasema.

Basi. Ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyejua kwamba imekwisha, kwa sababu hapakuwa na mtu nyuma ya kamera wa kusema imekwisha. Mimi nami nilikuwa nimechoka mno kusimama. Tulikaa tu. Jua lilikuwa limemfikia nyanya usoni, baba mdogo na shangazi wakaenda wakakinyanyua kiti chake, mmoja huku na mwingine huku, wakakisogeza kivulini. Kutoka nilipoketi sikusikia kitu. Baadaye niliinuka nikaizima, nikaitia ile faili kwenye diski bila hata kuitazama, kwa maana niliapa sitakata na nilijua nikiitazama nitakata.

Ukumbini waliitazama yote. Watu arobaini, kwenye joto lile, walitazama nyuki dakika thelathini na hakuna aliyepiga mwayo. Ila niligundua kwamba hawakuwa wanamtazama nyanya. Walikuwa wanamtazama baba mdogo, mtu mdogo kama kidole gumba kwenye pembe ya kioo, na kila alipovuta mguu au kugusa kofia yake kulikuwa na mnong'ono. Alipotazama ardhi kabla ya kujibu, ukumbi wote uliinamia TV. Alipojibu, ubishi ukaanza. Yule mzee wa kofia ya sufu akasema kusikia si kukubali. Mwingine akasema mtu mzima akisikia na asipinge amekubali. Katibu akataka kujua neno lenyewe hasa lilikuwa lipi. Walikuwa wanarushiana maneno huku video ikiendelea kwenye meza ya mchungaji, kwa kuwa rimoti ilikuwa mfukoni mwa mwenye hoteli naye alikuwa ameenda kuuza chai. Niliinama nikashika kichwa. Nilijua tutarudishwa nyumbani tena, na tena, mpaka nyanya afe, na kwamba hicho ndicho baba mdogo alichokuwa anakingoja.

Kwenye kioo, watu wawili wadogo walikuwa wanakinyanyua kiti. Hukuweza kuona midomo yao. Lakini vichwa vyao vilikuwa vimeinamia kola ya nyanya yenye ile maiki, kimoja kila upande, na sauti ya baba mdogo ilitoka kwenye ile TV kubwa, karibu, kama mtu anayekuongelesha sikioni.

"Kwani ulifikiri ningekufukuza?"

Ubishi ulikatika. Kwenye kioo kiti kilikuwa hewani.

"Ndiyo," akasema shangazi.

Hakulisema kwa hasira. Lilitoka kama jibu la mtu aliyeulizwa kama kumenyesha. Kiti kikawekwa chini. Tuliwaona wakisimama pale, kila mmoja na mkono wake bado kwenye kiti, muda mrefu ambao mimi ningeukata bila kufikiri, kisha baba mdogo akarudi kwenye benchi. Halafu kukawa na pumzi za nyanya tu, na mbuzi.

Ukumbini sikuthubutu kumtazama yeyote machoni. Shangazi alikuwa nyuma, karibu na mlango, na mfuko wake. Baba mdogo alikuwa mstari wa pili, na watu wa pande zote mbili zake walikuwa wamejivuta kidogo bila kuinuka. Katibu alikohoa akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama mwenye rimoti aitwe, irudishwe nyuma ili neno hilo liandikwe sawasawa.

"Isirudishwe," akasema baba mdogo. Alikuwa bado ameketi. "Andika hiyo barua ya shamba, niweke sahihi."